Uwanja Usiofagiwa

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukianza kuhisi unaifahamu, kwamba labda umewahi kupita pale au una shangazi anakaa huko, basi ujue umekosea nyumba. Geuka taratibu, ukapige hodi kwingine. Mimi ni fundi cherehani tu. Nakaa barazani na mashine yangu, nashona, naona, na ninayoyaona huwa siyaamini mpaka yatangazwe redioni, maana redio ina macho mengi kuliko mimi.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo, serikali iligundua jambo la kusikitisha: nyumba tupu zimezidi. Milango imetiwa kufuli, madirisha yamepigwa misumari, wenyewe hawaonekani mwaka wa pili huu. Wapo watu wasio na shukurani waliosema wenyewe wamekimbia njaa, na wengine wamechukuliwa. Redio ikafafanua vizuri zaidi. Ilisema raha ikizidi, mtu hashikiki ndani.

Waziri wa Nyumba, Vyumba na Mambo ya Milango, Mheshimiwa Profesa Daktari Kanali Mstaafu Hamduni wa Hamduni, akaitisha mkutano uwanja wa mpira. Tulikwenda wote, kwa sababu waliobaki nyumbani walifuatwa.

"Ndugu wananchi!" akasema Mheshimiwa. "Nyumba tupu ni nini? Nyumba tupu ni nyumba ambayo ukitazama ndani, hamna. Na hamna ni nini? Hamna ni adui! Tulikuwa na maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Hao tumeshazoeana nao. Leo natangaza adui wa nne, naye ni Utupu! Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mimi nani niwabishie wahenga?"

Tulipiga makofi. Hata mimi nilipiga, na nilikuwa na sindano mdomoni.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila mtaa utazame nyumba zake, uzitambue zilizokaa tupu muda mrefu, uzitaje. Nyumba ikithibitishwa tupu, itakabidhiwa kwa mwananchi wa akiba. Wananchi wa akiba ni watu waliokuwa wakisubiri nyumba kwa subira kubwa, hawana isipokuwa zile walizonazo. Kwa bahati, wengi wao walikuwa jamaa wa watu wa wizara, kwa hiyo haikuwa kazi kuwatafuta.

Ili pasiwe na uonevu, wataalamu walikaa hotelini wakapanga dalili nne za nyumba yenye watu. Kwanza, uwanja wa mbele uwe umefagiwa. Pili, uonekane moshi. Tatu, ziwepo nguo kambani. Nne, usikike ugomvi, kwa sababu utafiti umeonyesha kuwa penye watu hapakosi ugomvi. Na dalili ya kwanza ndiyo mama. Ikikosekana hiyo, zile nyingine ni yatima na hazihesabiwi.

*

Mtaa wetu unaitwa Mfereji Mmoja. Mfereji wenyewe upo, umezinduliwa mara nne. Maji ndiyo hayajapata nafasi ya kuja. Sisi ni watu watiifu. Kampeni ilipoanza, ungedhani mtaa mzima una harusi, kwa jinsi nyua zilivyofagiwa. Aliyekuwa na nguo moja aliianika hata kama ni kavu, akashinda ndani amejifunga shuka.

Mzee Ngwali na mkewe Bi Kazija, watu waliozeeka pamoja bila kurushiana neno, walilazimika kugombana kila alasiri. Siku za mwanzo walikuwa wakicheka katikati. Bi Kazija anapaza sauti, "Mume gani wewe, hata chumvi hununui!" kisha ananong'ona, "Nimesema sawa?" Baadaye sikusikia tena mtu akinong'ona. Chumvi kweli ilikuwa hainunuliwi, na ilipotajwa chumvi yakakumbukwa na mengine. Bi Kazija akafunga mizigo akarudi kwao. Mzee Ngwali akabaki na nyumba iliyothibitishwa rasmi kuwa ina watu.

Mthibitishaji alikuwa Bwana Tawfiki, Afisa Mtambuzi wa Utupu. Alitembea na filimbi, kopo la rangi nyeupe na brashi. Akiridhika na nyumba huandika mlangoni MTU. Asiporidhika huandika TUPU, na wiki inayofuata huja wenye nyundo kubadilisha kitasa. Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa kahawa barazani kwangu na alikuwa akirudisha kikombe.

Sisi, kwa uzalendo wetu, tukaona tumsaidie. Juu ya mtaa wetu kuna kilima, na kilimani kuna safu nzima ya nyumba za ghorofa ambazo madirisha yake hayajafunguliwa tangu yatiwe vioo. Moja ni ya Mheshimiwa Hamduni mwenyewe, na ya pili, na ile ya pembeni yenye nguzo. Mama Raya, muuza maandazi, mwanamke ambaye ulimi wake haujui kulala, ndiye aliyetusemea.

"Bwana Tawfiki, kule juu mbona hupandi na kopo lako? Kule kumekaa tupu tangu binti yangu ananyonya, na sasa ana wake anayenyonya."

Bwana Tawfiki alishangaa ujinga wetu. "Zile nyumba zina mkazi, mama. Kila sebule imetundikwa picha ya Mheshimiwa Kiongozi. Unataka kuniambia Mheshimiwa Kiongozi si mtu?"

Mama Raya hakutaka kumwambia hivyo. "Basi na sisi tutatundika," akasema.

"Picha hukaa ghorofani," akajibu Bwana Tawfiki. "Huku chini pana unyevu."

*

Sasa nije kwa Bi Mize, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

Bi Mize ni mjane, na Mungu alimpa mtoto mmoja, Vuai. Vuai alikuwa fundi baiskeli, kijana wa kicheko kikubwa, mpenda ukoko wa wali kuliko wali wenyewe. Ulipozinduliwa mfereji mara ya nne, utepe umeshakatwa na makofi yamekwisha, Vuai alinyoosha mkono. Akauliza, "Samahani Mheshimiwa, na maji yatatoka lini?"

Ni hayo tu aliyoyasema. Mheshimiwa alicheka sana, sisi tukacheka sana, na waandishi wa habari wakacheka.

Kesho yake asubuhi walikuja mabwana wawili wapole, wamevaa miwani ya jua ingawa jua lilikuwa bado. Walisema swali la Vuai limewafurahisha wakubwa, wanataka akaliulize tena pahala pa faragha. Bi Mize alikuwa uwanjani na ufagio mkononi, amefika nusu.

"Maneno mawili matatu tu, mama," mmoja akamwambia. "Mchana atakula kwako."

"Mama, ukoko wangu usimpe mtu," Vuai akasema. Akakata uwanja na ndara zake, akaingia garini.

Hapa yafaa nieleze jambo, maana mwenzangu huenda umekulia katika mji mkubwa ambako watu hawana habari na nyayo. Kwetu, msafiri akitoka, hakufagiwi nyuma yake mpaka ijulikane kwamba amefika. Ukifagia unazifuta nyayo zake, na mtu aliyefutiwa nyayo haioni njia ya kurudi. Hilo analijua mtoto na mkubwa. Kwa kawaida halisumbui. Mtu anakwenda asubuhi, jioni zinakuja salamu kwamba kafika salama, na aliyebaki anashika ufagio.

Salamu za Vuai hazikuja. Bi Mize akauegemeza ufagio ukutani, na haukuguswa tena.

Mwanzoni alikuwa akienda ofisini kwa wakubwa kila baada ya muda. Hakuomba makubwa. "Kama kumwona haiwezekani, sitaki kumwona," aliwaambia. "Niambieni tu kwamba amefika, nikafagie." Nao walimjibu kwa heshima kwamba hawana mtu wa jina hilo aliyefika, wala hawana ambaye hajafika. Wakamshukuru kwa kuja.

Masika ikapita, ikaja nyingine. Mbele ya nyumba ya Bi Mize umesimama mti wa mkungu, na mkungu ukipukutisha majani haumuulizi mtu. Majani yakajaa, yakaoza, yakaja mengine juu. Upepo ukaleta mifuko na maganda. Yeye mwenyewe akitoka na kuingia alipita pembeni kabisa, bega limegusa ukuta, asije akakanyaga pale Vuai alipopita. Ndani alipangusa sakafu kwa kitambaa, kwa sababu kupangusa si kufagia. Ungeingia chumbani kwa Vuai ungeona kitanda kimetandikwa na chandarua kimeshushwa.

Mvua zilikuwa zimeshapita juu ya uwanja ule, na nyayo, kama zilibaki, zilikwenda na maji. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kila asubuhi tulimwamkia, na kila mmoja wetu, akimaliza kuamkia, aliongeza, "Atakuja tu, Bi Mize, Mungu mkubwa." Naye alijibu, "Atakuja." Mimi nilikuwa nikilisema bila kuinua macho kwenye mshono.

*

Bwana Tawfiki alifika kwa Bi Mize siku ya Jumanne. Alisimama ukingoni mwa majani, akapuliza filimbi, akatikisa kichwa.

"Nyumba hii tupu," akasema.

"Mimi hapa, baba," akasema Bi Mize. Alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele.

"Nakuona, mama. Lakini wewe si dalili."

"Si dalili vipi, nami ndiye mwenye nyumba?"

"Dalili ni nne, na mtu hayumo," akasema Bwana Tawfiki, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Wataalamu walilifikiria. Mtu anaweza kuazimwa. Mtu anaweza kuja akakaa kizingitini hata kwa nyumba isiyo yake, akachambua mchele. Uwanja haudanganyi."

"Baba, nyumba njema si mlango. Ingia ndani uone. Nimekaa humu tangu nilipoolewa, nimezalia humu, mume wangu katokea humu kwenda kaburini."

"Ndani si katika kazi yangu." Akautazama uwanja, na nadhani alimwonea huruma, kwa sababu alishusha sauti. "Mama yangu, nisikilize. Ufagio ule pale. Ufagie sasa hivi, mimi nigeuke nitazame kule, nikigeuka tena niandike MTU, niende zangu. Kuna shida gani?"

Bi Mize aliacha kuchambua. "Mwanangu katoka," akasema. "Hajafika."

Bwana Tawfiki naye ni mtoto wa kwetu. Nilimwona alivyoelewa. Alifunua kopo, akalifunika. Hakuandika kitu. Alisema atarudi Ijumaa, na kwamba asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa ofisi kuu siku ya Ijumaa hiyohiyo, asubuhi, afike yeye mwenyewe bila ya kuwakilishwa.

Jumatano akaja kwangu kijana mnene, kavaa saa mbili. Alijitambulisha kuwa mpwa wa Mheshimiwa Hamduni na mwananchi wa akiba. Alitaka nimshonee mapazia.

"Ya dirisha la ukubwa gani?" nikamuuliza.

Akanionyesha kwa kidole madirisha ya Bi Mize. "Yale. Yapime, lakini usimsumbue bibi, bado yupo yupo." Kisha akaniuliza kama mkungu ule ni mgumu kukata, maana anapenda kuegesha gari kivulini lakini hapendi majani.

Nilimwambia foronya na mapazia yamejaa, nina kazi za Idi. Idi ilikuwa imepita wiki ile. Hakujua, akaondoka.

*

Alhamisi jioni tulikutana kwa Mama Raya, majirani wote tunaokaa kuzunguka ule uwanja. Bi Mize hatukumwita.

"Kesho akienda rufaani, sisi tufagie," akasema Mama Raya. "Tawfiki akija akute pameng'aa. Imekwisha."

Kila mtu alitazama mahali pengine.

"Na nyayo?" akauliza Mzee Ngwali.

"Nyayo gani, Mzee Ngwali? Masika mbili!" Mama Raya alikuwa analia tayari, na akilia hukasirika. "Mnataka mwanamke yule akalale wapi? Subira yavuta heri, sawa, lakini subira haina bati. Vuai akirudi leo akamkuta yule mwenye saa mbili kitandani kwake, ndiyo mtafurahi?"

"Atasema tumemfutia mwanawe," Mzee Ngwali akasema.

"Atatushukuru. Ataudhika siku moja mbili, halafu atatushukuru. Nyumba ni nyumba."

Tulizungumza sana. Kila mmoja alisema ni mila tu, mambo ya wazee, na redio yenyewe imeshasema mila zipitwe na wakati. Jambo moja halikusemwa na mtu hata mmoja. Hakuna aliyesema, "Tusifagie, kijana huenda yuko njiani." Mimi nililigundua baadaye, na tangu niligundue silali vizuri.

*

Ijumaa Bi Mize alivaa kanga yake mpya, akapita pembeni mwa ukuta, akaenda kukata rufaa. Yaliyotokea huko alinihadithia mwenyewe siku nyingine, nami nayaleta kama alivyoyaleta.

Alipelekwa mbele ya meza ndefu yenye mabwana watatu na feni mbili za umeme. Bwana wa katikati akamuuliza dai lake.

"Nadai kwamba nyumba yangu ina mtu, nami ndiye mtu mwenyewe."

"Unaishi humo?"

"Naishi humo."

"Muda wote?"

"Muda wote, baba."

"Sasa hivi uko wapi?"

"Niko hapa mbele yenu."

Mabwana wakatazamana. Yule wa katikati akavua miwani. "Kama uko hapa, mama, nyumbani kuna nani?"

Bi Mize akasema hakuna.

"Basi mbona unatupotezea wakati? Umekuja kwa miguu yako kutuletea ushahidi kwamba nyumba ni tupu." Wakamsifu kwa uaminifu wake. Walisema laiti wananchi wote wangekuwa kama yeye, kazi ingekwisha mapema. Rufaa ikatupwa, akapewa soda.

Huku mtaani, tulikuwa tumeshaanza. Mama Raya alishika ule ufagio wa ukutani, lakini njukuti zilikuwa zimeliwa na mchwa zikamvunjikia mkononi, akaenda kuchukua wake. Wanawake walifagia, wanaume tukazoa. Chini ya majani makavu yalikuwapo yaliyooza, na chini ya yaliyooza kulikuwa na udongo mweusi, na tulipoufikia udongo, Mzee Ngwali alipiga magoti akautazama. Alitazama kwa muda. Alikuwa akitafuta, Mungu anisamehe, alama ya ndara.

"Pana kitu?" nikamuuliza.

"Hapana kitu," akasema, akasimama.

Tulimwaga maji ya kisima, tukafagia tena, uwanja ukatoka safi na mistari mizuri ya ufagio kutoka kizingitini mpaka barabarani. Tukaanika nguo za Mama Raya kambani. Tukawasha jiko ili pawe na moshi. Mama Raya akasema dalili ya ugomvi tutaipata wenyewe Bi Mize akija. Tukacheka. Kwa kweli tulikuwa na furaha, sisi watu wa Mfereji Mmoja, kwa mara ya kwanza tumeishinda serikali katika jambo lolote.

*

Bi Mize alirudi baada ya sala ya Ijumaa, chupa ya soda mkononi haijafunguliwa. Alifika pale anapoanzia kupita pembeni, akaweka bega ukutani kama kawaida yake, kisha akainua macho.

Sisi tulikuwa tumejipanga barazani kwangu tunatabasamu.

"Nyumba imepona, shoga yangu!" akasema Mama Raya.

Bi Mize hakupiga kelele. Aliutazama uwanja wote, kutoka mlangoni mpaka barabarani. Halafu akatutazama sisi, uso mmoja mmoja, hakumruka mtu.

"Nani kakwambieni?" akauliza.

"Katwambia nini, shoga?"

"Kwamba harudi."

"Hakuna aliyetwambia. Tumefanya kwa ajili ya nyumba, Bi Mize. Walikuwa wanakuja kukutoa. Wallahi tumefanya kwa ajili yako."

"Nyote mmezaliwa hapa," akasema Bi Mize. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka kutembea. "Nyote mnajua. Hakuna hata mmoja wenu angeshika ufagio nyuma ya mtu anayemtazamia. Kila asubuhi mnaniambia atakuja, atakuja. Kumbe mlikwisha kumzika. Mbona hamkuniita mazikoni?"

Mama Raya aliweka mkono mdomoni. Alichokisema kilikuwa kweli. Tulimzika Vuai zamani, kila mtu kwa siri moyoni mwake, labda tangu ile jioni ya kwanza. Tulimwacha mama yake peke yake akimngoja, na tukaita hiyo heshima.

Hapo ndipo Bwana Tawfiki alipotokea na kopo lake. Aliuona uwanja tokea mbali akaanza kutembea haraka, uso umemfunguka. Nasema alifurahi kweli, na sijui kama wakubwa wake wangependa kujua.

"Hongera, mama! Hongera sana! Uwanja umefagiwa, moshi naona, nguo naona. Dalili tatu, na ya kwanza ndiyo mama yao. Nyumba ina mtu!" Akachovya brashi.

"Andika tupu, baba," akasema Bi Mize.

Bwana Tawfiki akadhani hakusikia vizuri. "Lakini pamefagiwa."

"Pamefagiwa, ndiyo. Andika tupu."

"Wewe si upo?"

"Nilikuwapo namngoja mtu," akasema Bi Mize. "Sasa hangojwi."

Bwana Tawfiki alibaki na brashi hewani, rangi inamdondokea viatuni. Alitutazama tumsaidie, nasi tukatazama chini. Bi Mize akaiweka ile chupa ya soda juu ya kizingiti. Akaja mpaka katikati ya uwanja, mahali ambapo hakupakanyaga tangu asubuhi ile, akakaa chini kwenye udongo, akanyoosha miguu, akajifunika kanga kichwani wanavyokaa wafiwa. Ndipo akalia. Alilia kilio cha miaka yote ile kwa mpigo mmoja, na jina la mwanawe akalitangulizia neno marehemu.

Wanawake walikwenda wakakaa kumzunguka. Mama Raya alijaribu kumshika, akasukumwa mkono, akabaki amekaa karibu. Wanaume tukakaa upande wa ukuta. Bwana Tawfiki aliweka kopo chini, akavua kofia ya serikali, na kwa kuwa ni mtoto wa kwetu hakuweza kupita msibani bila ya kusema neno. Akachutama mbele ya Bi Mize.

"Pole kwa msiba, mama," akasema.

Bi Mize akafunua kanga, akamtazama. Tangu Vuai aondoke, hakuna mtu aliyevaa nguo za serikali aliyewahi kumwambia neno hilo.

"Ahsante, baba," akajibu. "Basi waambie wakubwa zako wanipe nimzike."

Bwana Tawfiki alitazama kofia yake. Aliigeuza mkononi, akaigeuza tena, akasema kwa sauti ambayo sisi wa ukutani hatukuisikia vizuri, kwamba hilo si la idara yake.